Matarumbeta Yetu kwa Miaka Hamsini: Yalivyokuja, Yalivyonyamaza na Yalivyorudi



Kamati ya Jubilii ilipogawa kazi za kijitabu hiki, sisi wa ofisi ya katibu tuliombwa tuandike historia ya matarumbeta ya kwaya yetu. Tulifungua kabati, tukayatoa madaftari ya kumbukumbu za mikutano tangu kwaya ianze, mengine yameliwa pembe na panya, tukayasoma moja baada ya jingine. Katika miaka hii hamsini wachungaji wamehamishwa, walimu wa kwaya wamepokezana, na kanisa la mabati limekuwa la mawe. Lakini neno "tarumbeta" linarudi karibu kila mwaka. Mahali pengine limeandikwa kwa furaha, mahali pengine kwa lawama. Tumekubaliana kuandika yote mawili, kwa sababu jubilii isiyosema ukweli ni karamu ya chakula tu.

Kabla yetu

Kupuliza si jambo lililoletwa kwetu na wageni. Pwani ya nchi yetu ilikuwa na siwa, pembe kubwa zilizopulizwa katika harusi za watu wakubwa na sherehe za watawala. Zinazojulikana zaidi ni ile ya Pate iliyotengenezwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu ambayo ni ya shaba. Huku bara nako pembe za wanyama ziliita watu kwenye mikutano, ngoma na vita. Hata Musa, tukisoma Hesabu sura ya 10, aliagizwa atengeneze tarumbeta mbili za fedha za kuwaita watu wakutane na kuwaambia wakati wa kung'oa kambi. Kwa hiyo anayepuliza kanisani ameshika kazi ya zamani sana.

Tarumbeta la zamani lilikuwa na upungufu mmoja. Bomba lisilo na vali hutoa noti chache tu za asili, zile tunazozisikia katika mwito wa askari asubuhi. Mwaka wa 1818, kule Prussia, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipewa hataza ya vali. Ukibonyeza vali, pumzi hupitishwa katika kipande cha bomba cha ziada, na sauti hushuka: vali ya pili huishusha nusu toni, ya kwanza toni moja, na ya tatu toni moja na nusu. Kwa vidole vitatu mtu akaweza kupuliza wimbo mzima wa kanisa. Haikuchukua muda mrefu bendi za shaba zikaenea majeshini, viwandani na makanisani.

Afrika Mashariki bendi hizo ziliingia kwa milango mingi. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya wapigaji Wagoa. Watu wa pwani walisikia bendi za mabwana na za askari, wakaunda ngoma yao wenyewe wakaiita beni, jina lililotokana na neno "bendi". Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, gwaride na nyimbo, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari na wapagazi walieneza ngoma hiyo hadi mbali bara. Makanisani nako, Wamoravian walikuwa na kwaya za tromboni Ujerumani tangu karne ya 18, na leo majirani zetu wa Tanzania, Wamoravian na Walutheri, wanajulikana sana kwa matarumbeta yao. Jeshi la Wokovu lilianza kutumia vyombo vya shaba mwaka wa 1878, pale Charles Fry wa Salisbury, Uingereza, na wanawe watatu walipojitolea kuwalinda wahubiri wa mtaani dhidi ya wahuni, wakaja na vyombo vyao mkononi. Jeshi hilo liliingia Kenya mwaka wa 1921. Wengi wetu sauti ya kwanza ya tarumbeta tuliyoisikia utotoni ilikuwa ya bendi yao ikipita barabarani Jumapili.

Koneti moja na madebe ya mahindi

Kwaya yetu ilianza na sauti tupu na ngoma moja. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa amejifunza kupuliza jeshini kabla ya Uhuru, na aliporudi nyumbani alikuja na suti moja, baiskeli moja na koneti. Koneti hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa noti ya kuanzia, kisha sauti zote nne zikaingia.

Mwaka wa nne wa kwaya, kumbukumbu zinasema, wanakwaya walikubaliana kila mmoja alete debe la mahindi, na akina mama wakaongeza kuku. Ikafanywa harambee. Zikapatikana fedha za kununua vyombo saba vilivyokwisha kutumiwa na bendi nyingine: koneti mbili, honi ya alto moja, tromboni mbili, eufoniamu moja na tuba moja. Pamoja na koneti ya Mwalimu vikawa vinane. Vilisafiri juu ya matatu, vimefungwa kwa mablanketi, na mwanakwaya mmoja alikaa juu pamoja navyo safari nzima.

Watu walitarajia wimbo Jumapili iliyofuata. Mwalimu hakumpa mtu wimbo kwa miezi miwili. Kila jioni walipuliza noti ndefu tu, moja moja, hadi ikasimama bila kutetemeka. Katika daftari la mwaka huo tumekuta malalamiko ya jirani mmoja aliyekuja kumweleza mzee wa kanisa kwamba ng'ombe wake hatoi maziwa siku za mazoezi. Chini yake katibu wa wakati huo ameandika kwa mwandiko mzuri: "Imekubaliwa mazoezi yahamie upande wa pili wa uwanja." Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mazoezi yaache.

Mzee wetu

Katika wale wapulizaji wa kwanza alikuwemo mvulana wa miaka kumi na minne, wa darasa la saba. Leo anaitwa Mzee na kila mtu kanisani, na watoto wanamwita Guka. Hapendi jina lake liandikwe, nasi tumemheshimu. Alipewa mojawapo ya koneti mbili zilizonunuliwa. Anasema Mwalimu alimfundisha kupuliza na kusafisha siku ile ile, na kwamba mpulizaji ambaye hakumwaga maji ya chombo chake hakupewa chai.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Mzee alishika sauti ya kwanza. Harusi zetu nyingi zilianza na koneti yake. Mazishi mengi pia. Alilima, akasomesha watoto, na kila jioni kabla ya chakula alipuliza robo saa. Kisha siku moja akaanguka na baiskeli na kupoteza meno mawili ya mbele.

Asiyepuliza anaweza kufikiri hilo ni jambo dogo. Koneti hupulizwa kwa midomo inayotetemeka ndani ya kipulizio, yaani kile kikombe kidogo kinachowekwa mdomoni, na nyuma ya midomo hiyo meno ndiyo ukuta. Ukuta ukibomoka, noti ya juu haina pa kuegemea. Mzee alijaribu wiki baada ya wiki. Ilitoka hewa. Kwa nusu mwaka alikuja mazoezini, akakaa mahali pake, akashika kitabu cha nyimbo.

Hakuna aliyemwambia ahamie chombo kingine, alihama mwenyewe. Kipulizio cha tuba ni kipana, hakikandamizi sehemu moja ya mdomo kama cha koneti. Akiwa mtu mzima mwenye mvi alianza tena kama mtoto, akajifunza kusoma noti za besi, akaanza upya na noti ndefu. Sauti aliyozoea kuiongoza sasa ikawa juu ya wengine, naye akabaki na noti mbili tatu za chini katika kila mstari. Tulimwuliza kama hakuumia. Alijibu kwamba kwenye koneti alikuwa akijisikia mwenyewe, na alipokaa kwenye tuba ndipo alipoanza kuisikia kwaya.

Miaka ya ukimya

Sasa tunafika mahali pagumu. Kwaya ilinunua kinanda cha umeme. Kinanda ni chombo kizuri, nasi tunakipenda, lakini hatukufikiri kwamba kingekuja na uvivu. Kinanda kina sauti ya tarumbeta ndani yake. Ukibonyeza kitufe linalia, wala halihitaji mafuta. Wapulizaji mmoja baada ya mwingine wakaacha kuja mapema. Vyombo vikawekwa stoo nyuma ya ofisi ya mchungaji, kwenye sakafu ya udongo, karibu na mifuko ya saruji. Ni Mzee peke yake aliyekwenda huko kila Jumapili kuchukua tuba yake.

Machi 2020 makanisa yakafungwa kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa, kuimba kulipunguzwa, na pumzi ya mtu ikawa kitu cha kuogopwa. Nani angethubutu kupuliza? Tuba nayo ikabaki stoo.

Baadaye kamati iliitisha mkutano wa kupanga ununuzi wa spika mpya. Ajenda ya sita ilisema: "Kuuza vyuma chakavu." Ndugu zetu, maneno hayo hayakuandikwa na wazee wa zamani. Tuliyaandika sisi, tunaoshika ofisi hii ya katibu leo. Hatukuandika "vyombo". Tuliandika "vyuma chakavu", na mkutano ulipoulizwa wanaoafiki, mikono mingi iliinuka, wetu ukiwemo.

Mzee alisimama. Hakutoa hotuba. Alikuwa ameichukua ile koneti ya Mwalimu kutoka stoo, akajaribu kubonyeza vali ya kwanza mbele yetu. Haikushuka. Akatuuliza ni nani kati yetu anayejua inaumwa nini. Wote tukanyamaza, na humo kulikuwa na walimu wanne wa shule. Akasema si vizuri kuuza mgonjwa kabla ya kumpima, akaomba apewe hadi Pasaka.

Kilichopona na kisichopona

Wanakwaya watatu tulikwenda kwake kila Jumamosi, kwanza kwa aibu, baadaye kwa kupenda. Tulijifunza kwamba vali iliyokwama haipigwi. Tulitia matone ya mafuta mepesi, tukangoja siku mbili, tukatia tena, hadi siku ya tano ikasogea. Tulijifunza pia matokeo ya haraka. Miaka iliyopita mmoja wetu aliwahi kung'oa kipulizio cha tromboni kwa koleo, akapinda bomba lenyewe. Sasa tunajua kipulizio kilichonasa hupelekwa kwa mwenye kifaa chake, hakivutwi kwa nguvu.

Vilivyoachia kiungo tulivipeleka kwa fundi wa rejeta kwenye jua kali. Rejeta za zamani ni za shaba, na fundi huyo alijua kulehemu kwa risasi na moto mdogo bila kuunguza bomba. Alitutoza nusu bei, akaomba tu aje kusikia siku vitakapolia.

Siku ya Pasaka vyombo vitano vililia: koneti mbili, tromboni moja, eufoniamu na tuba. Fundi wa rejeta alikaa benchi la mbele. Tromboni ya pili bomba lake la kuteleza lilikuwa limepinda mno; tuliifanya akiba ya vipuri. Honi ya alto bado inangoja vali.

Chombo cha nane, koneti ya Mwalimu, hakikupona. Mara ya mwisho ilipopulizwa iliwekwa stoo na maji ndani, na hatuwezi kumlaumu mwingine kwa hilo. Shaba ya matarumbeta ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Unyevu na uchafu vikikaa ndani muda mrefu, zinki hutoka kidogo kidogo, na inayobaki ni shaba nyekundu dhaifu. Utaona madoa ya rangi ya waridi kwenye bomba. Hayo hayaoshwi kwa sababu ugonjwa umetoka ndani kuja nje. Mzee alipoyaona alikaa kimya, kisha akaifuta koneti hiyo kama vile ingepulizwa kesho. Leo inaning'inia ukutani ofisini. Anayeingia kuomba ufunguo wa stoo lazima apite mbele yake.

Mambo ambayo Mzee anatufundisha

Tunayaandika hapa ili yasikae kwa mtu mmoja tena.

1. Suuza kinywa kabla ya kupuliza. Soda, chai ya sukari na mandazi huingia ndani ya bomba pamoja na pumzi, na sukari hunatisha vali.

2. Mwaga maji kabla ya kuweka chombo. Watoto hudhani ni mate. Sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi unaogeuka maji ukigusa bomba baridi, kama jasho kwenye kifuniko cha sufuria. Yakiachwa huanza kula chombo.

3. Tia mafuta vali kila unapopuliza, matone machache tu. Mafuta ya vali ni mepesi sana; ya kupikia na ya pikipiki yatagandisha kila kitu. Mabomba ya kurekebishia sauti hutaka grisi, na yavutwe kila wiki ili yasishikamane.

4. Ukitoa vali, irudishe nyumba yake. Kila moja ina namba. Ukiweka ya kwanza mahali pa tatu, pumzi haitapita, nawe utadhani chombo kimekufa.

5. Osha ndani kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, baada ya kutoa vali na mabomba. Maji ya moto huondoa rangi ya juu. Dawa ya kung'arishia shaba isitumike kwenye chombo chenye rangi hiyo ya kukinga. Kitambaa laini kinatosha.

6. Pasha chombo moto kwa pumzi kabla ya kukilinganisha na kinanda. Asubuhi ya Julai chombo baridi hushuka sauti, na adhuhuri kanisa likijaa watu hupanda. Anayelinganisha mara moja tu ataimba peke yake hadi baraka ya mwisho.

7. Tunza mdomo kama unavyotunza chombo. Anza na noti ndefu, za chini, kwa utulivu. Usikandamize. Pumzika kwa muda ule ule uliopuliza. Robo saa kila siku ni bora kuliko saa tatu Jumamosi. Na uende kwa daktari wa meno kabla hujaumwa.

Hili la saba ndilo analolirudia zaidi. Anasema watu humsifu kwa kupuliza karibu miaka hamsini, lakini yeye hakupuliza miaka hamsini. Alipuliza siku moja, akakausha chombo, kesho yake akapuliza tena.

Tunaposimama leo

Leo tuna wanafunzi kumi wa matarumbeta, sita kati yao ni wasichana. Kwa kuwa vyombo ni vitano, wanapokezana, kila mmoja akiwa na kitambaa chake na, tukijaliwa, kipulizio chake. Anayejifunza tuba ni msichana wa sekondari ambaye bado analazimika kukaa kwenye kiti cha juu ili mdomo ukifikie kipulizio. Mzee haji tena Jumapili za baridi kwa sababu ya kifua. Siku hizo msichana huyo hukaa mahali pake. Noti zake bado hutetemeka, na tunaomba mkutano usigeuke kumtazama. Noti ndefu huchukua muda, na ng'ombe wa jirani walizoea.

Katika ibada ya Jubilii Mzee ameahidi kupuliza wimbo mmoja tu, ule wa mwisho. Ameomba asitambulishwe.

Wapendwa, sadaka maalum ya leo itakuwa na kikapu cha matarumbeta. Fedha hizo ni za kabati la mbao lisilogusa sakafu, mafuta ya vali, vipulizio na vali ya honi ya alto. Lakini tunaomba zaidi ya fedha. Mzazi mwenye mtoto, mtume Jumamosi saa nane. Mtu mzima aliyewahi kupuliza akaacha, rudi. Mzee alianza upya akiwa na mvi.

Neno la mwisho la ofisi ya katibu. Tulipomaliza kuandika historia hii tulipendekeza yale maneno "vyuma chakavu" yafutwe katika daftari. Mwenyekiti alitukumbusha kwamba kumbukumbu za mkutano zilizokwisha kuthibitishwa hazifutwi, huongezwa tu. Kwa hiyo maneno yetu yamebaki pale pale, na wajukuu wetu watayasoma. Chini yake, kwa kauli moja, tumeandika azimio jipya: kwamba vyombo vya shaba vya kwaya hii ni mali ya ibada, havitauzwa, na kila mwaka katibu atasoma mbele ya mkutano jina la kila chombo na hali yake.

Bwana aliyetutunza miaka hamsini aendelee kututunza. Nasi tutunze alichotupa.

Katibu, kwa niaba ya kwaya